Jirani Anayesukuma Gari

Kila Jumamosi jirani yetu hufungua boneti ya gari lake kuukuu la dizeli, akalegeza koki chini ya chujio la mafuta na kukinga maji machafu kwa chupa ya jemu. Huiinua juani, akaikagua kwa jicho moja, kisha akafuta mikono kwa fulana iliyochakaa, kidole kimoja kimoja. Salamu yake ni kikohozi. Gari hilo likiwaka asubuhi, vyombo vyangu hutetemeka kabatini. Nilipolalamika nikiwa mjamzito, alinijibu, "Injini ya dizeli hainong'oni, mama."

Juzi alfajiri, mwanangu akiwa na siku tisa, nilimwona jirani kupitia dirisha akilisukuma gari peke yake, bega kwenye fremu ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani, viatu vikiteleza kwenye kokoto. Hakuliwasha mpaka mwisho wa mtaa. Jana akafanya vilevile, nikamfuata kumshukuru.

"Unanishukuru kwa lipi?" akasema akihema. "Betri imekufa."

Akaingia, akasubiri taa ya dashibodi inayoonyesha injini inapashwa joto izimike, akazungusha ufunguo. Gari likawaka papo hapo, kwa kishindo, naye akajishughulisha na kurekebisha kioo.