Mtama Walioukataa Ndege

Mwenye mashine alipomwambia kwamba mahindi yameisha na hajui yatakuja lini, Mwajabu alirudi nyumbani Bunju mikono mitupu. Tangu afiwe na mumewe, Mfaume, kuku wa nyama ndio waliomsitiri yeye na wajukuu. Sasa vifaranga walikuwa wakimlilia kila alipopita karibu na banda.

Duka la jirani lilikuwa na magunia ya mtama, mwekundu kama udongo. Akanunua, akausagisha, akauchanganya na dagaa na mashudu ya alizeti kama alivyozoea kufanya na mahindi. Kuku wakadonoa, wakaparura, wakaacha. Wa jirani, aliyekuwa na akiba ya mahindi, walizidi kunenepa, wake wakadumaa kama njiwa.

Akampigia dada yake, Mauwa, aliyeolewa Tanga.

"Shikamoo, dada. Mwenzio kuku wananiishia, na chakula kipo."

"Marahaba. Unawapa nini?"

"Mahindi hakuna. Nawapa mtama."

"Mtama gani?"

"Mtama si mtama, dada? Huu mwekundu."

Mauwa aliangua kicheko. "Ama kweli umesahau! Tulipokuwa tunaamia ndege shambani kwa mama, uliwahi kuwaona wakiula mwekundu?"

Mwajabu alifumba macho. Aliiona Bunju ile, kabla ya kuta na mageti, mtama umesimama hadi njia ya Bagamoyo. Aliwaona wao wawili juu ya dungu, kibanda cha miti cha kulindia shamba, wanagonga debe na kupiga mayowe mpaka sauti zinakauka. Kwelea walikuja kama moshi, wakatua kwenye mtama mweupe tu. Ule mwekundu mama aliupanda pembezoni, na hakuna aliyepata taabu ya kuulinda, maana uchungu wake ulikausha ulimi. Jua likipanda, mama aliwaletea masuke mabichi ya mtama mweupe yaliyobanikwa, wakayapukuchua yangali moto, majivu midomoni. Siku hizo Mwajabu alilia kwa kunyimwa kwenda kucheza. Leo angetoa chochote arudi pale juu, asikie mama anaita kutoka chini, "Nyie wanangu, mmelala?"

"Upo?" Mauwa aliuliza.

"Nipo, dada. Nilikuwa mbali."

Kesho yake alivuka mji mzima hadi soko la Tandika, akapata mtama mweupe. Kuku waliuvamia wakikanyagana. Haukupita muda vifua vikajaa, miguu ikakaza.

Kasheshe nyingine ikaja na Gibson, muuza chipsi, mteja wake wa siku zote. Alimgeuza kuku aliyenyonyolewa huku na huku.

"Mama, mbona wamepauka? Wateja wangu wamezoea wa manjano."

"Umanjano unatoka kwenye mahindi, mwanangu. Hawa wamekula mtama. Mchukue huyo mmoja ukamkaange, akikushinda mrudishe."

Gibson aliondoka akigunaguna. Alirudi na tenga tupu kwenye pikipiki. "Wateja wamegombania mpaka mifupa. Nipe na wengine."

Banda lilipobaki na kuku wachache, Mauwa alikuja kumtembelea. Mwajabu akamchinjishia aliyenona kuliko wote, akamuunga kwa nazi na kupika wali. Mauwa akatazama sinia, akatikisa kichwa.

"Wali nakulaga kila siku. Mie nisongee ugali wa huo mtama."

Basi wakasonga pamoja, mmoja ameshika sufuria, mwingine mwiko. Wajukuu walionja, wakakunja nyuso, wakakimbilia wali. Dada wawili hawakuwajali. Walimega taratibu, wakachovya kwenye mchuzi. Katikati ya kula Mauwa alisimamisha tonge, akasema, "Wa mama ulikuwa laini zaidi."

"Aliutwanga kwa mkono, dada," Mwajabu akamjibu, akamsogezea firigisi.