Shikamoo za Msimamizi wa Kundi

Kijana wangu wa mwisho alipohamia Mwanza aliniachia kompyuta yake ya zamani na mchezo mmoja wa kulima, ambao watu huucheza pamoja mtandaoni. Alisema utanichangamsha. Nilimjibu kwamba mimi ni mjane, si mtoto wa chekechea. Lakini nyumba ya vyumba vinne hapa Kanazi ikishabaki na mtu mmoja, hata mngurumo wa trekta la uongo unakuwa mgeni. Basi asubuhi nikawa nalima maharage halisi, na baada ya chakula cha mchana nalima ya kwenye kioo, nimekaa kwenye dirisha la upande wa barabara kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Majirani sikuwaambia. Wangesema mwalimu mstaafu amechanganyikiwa.

Siku ya kwanza nilifanya kama nilivyolelewa kwetu Nyamigogo: huingii kwa watu ukaanza shughuli kabla ya kuwasalimu. Nikamwandikia kila mchezaji wa kundi nililoingia salamu zake peke yake. Habari za nyumbani, za watoto, za mvua, na mifugo haijambo? Sikufika mbali. Mashine inayolinda kundi iliniona mimi ni roboti wa matangazo, ikanifungia. Niliumia kuliko ilivyostahili. Nilikuwa nimefukuzwa na watu nisiowajua, na nyumbani hapakuwa na wa kumsimulia.

Kesho yake msimamizi wa kundi, admini kama vijana wanavyomwita, alinifungulia na kuniandikia faraghani. Alijibu salamu zangu zote moja baada ya nyingine, mpaka ile ya mifugo. Mbuzi wake hawakuwa na neno, na mmoja alikuwa na mimba. Kisha akanieleza namna ya kusalimia watu wote kwa mpigo, akanifundisha kugeuza trekta bila kung'oa ua wa jirani. Mimi nina kichwa kigumu, jambo moja nilimuuliza kila wiki, na kila wiki alilieleza upya.

Ukali wangu wa darasani sikuuacha. Kijana mmoja aliponiandikia "oya, mambo," nilimjibu kwamba nina miaka sitini na nne na anayeitwa Oya haishi hapa. Wakaanza kunicheka. Mmoja akasema bibi akalale, mchezo si wa wazee. Nilijua nikiondoka pale sina pengine pa kuongea na watu. Msimamizi hakumfungia mtu. Aliandika tu, mbele ya wote: "Shikamoo, mwalimu."

Nikajibu marahaba. Muda si muda shikamoo zikaanza kumiminika, hata ya yule aliyenituma kulala. Tangu hapo, kila nilipoingia, msimamizi alitangulia kuniamkia na wengine wakafuata.

Nilizipokea kwa raha. Ila nitasema ukweli, marahaba inachosha ukiwa huna jibu jingine. Kwenye njia hii yetu, kutoka kanisani hadi kisimani, wote ni wadogo zangu. Wananiamkia kwa adabu, wanapita. Walionizidi umri nimewazika mmoja mmoja. Kuwa mkubwa wa kila mtu ni upweke ambao hakuna aliyewahi kunionya kuuhusu.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zinakatika, msimamizi aliaga. Aliandika kwamba macho yake yamechoka. "Miaka sabini na mitatu, jamani, kioo kimeshanishinda." Vijana walimshukuru kwa picha za maua na matrekta, nao walimshukuru kwa moyo, nililiona hilo. Mimi nilikuwa bado naisoma hiyo sabini na mitatu. Nilipoielewa nilipandwa na hasira, nikamwandikia faraghani.

"Muda wote huu unaniamkia mimi, mdogo wako! Kwa nini hukusema?"

"Vijana walikuwa wanatazama, mwalimu," alijibu. "Ningesema umri wangu, wangeniamkia mimi wakakuacha wewe."

 Alikuwa amejishusha mbele ya watoto wa watu ili mimi nipate pa kukaa, na hakuwahi kulidai hilo. Nikaandika nilichopaswa kuandika tangu mwanzo: "Shikamoo, kaka."

Jibu lilichelewa, nadhani kwa sababu ya macho yale.

"Marahaba, mdogo wangu. Umekula?"

Sikuwa nimekula hata cha mchana siku hiyo, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Nilipomwambia hivyo alinigombeza sawasawa, kwamba mtu mzima hakai na njaa mbele ya kompyuta, akaniamuru nizime nikapike. Nilizima. Niliwasha moto huku nalia, kwa kuwa mkubwa wangu nilimpata siku ileile aliyoondoka.