Wino Uliokuwa Chai

Aibu hii nimewahi kuisimulia, lakini huwa naikata katikati na kuigeuza mzaha, watu wanacheka nami nacheka nao, kisha nikifika nyumbani usingizi hauji. Leo mtaisikia yote, na mkimaliza mniite jina lolote mnalotaka, mimi nimeshajiita yote.

Nilikuwa mkalimani wa waangalizi wa kimataifa (hilo neno "kimataifa" nililitamka Kericho nzima wiki ile, hadi muuza mboga wangu akaanza kuniita Balozi). Walinipa kizibao chenye mifuko mingi ambayo sikuwa na cha kutia, beji ya shingoni, na mzee mmoja mrefu, Bwana Erik, mpole ajabu, aliyetaka nimtafsirie kila kitu, hata watu wakisalimiana. Kwenye semina tulifundishwa jambo moja mpaka likatuchosha: mwangalizi anaangalia tu. Haongei, haonyeshi, haingilii.

Kituo chetu kilikuwa darasa la shule ya msingi upande wa Sosiot, na asubuhi yote hakukutokea kitu chochote. Watu wanaingia, wanatoa kitambulisho, wanaweka kidole kwenye mashine, wanapiga kura, wanapakwa wino, wanatoka. Bwana Erik ananiuliza kama kuna jambo lisilo la kawaida, nasema hapana, baada ya muda ananiuliza tena, nasema hapana, mpaka nikaanza kujiona nalipwa bure na kile kizibao kinanicheka.

Ndipo akaingia mama mmoja aliyekonda, kitambaa cha kichwani kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Aliponiona akatabasamu, tabasamu la waziwazi kabisa, nami nikasema moyoni, huyu anajipendekeza, ana jambo anaficha. Akanyoosha mkono kutoa kitambulisho. Kucha zilikuwa nyeusi.

Ningeweza kunyamaza, jamani, kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi yangu! Lakini nilitaka Bwana Erik aone kwamba macho yangu si ya bure, nikanyoosha kidole na kusema kwa sauti ya mwalimu wa zamu, "Karani, huyo mama tayari ana wino."

Foleni nzima ikachungulia dirishani na mlangoni.

"Ni chai hii, madam," mama akasema polepole, akifungua mikono yote miwili. "Nilichuma jana."

Na kweli ilikuwa chai. Wino hupakwa kidole kimoja, na yeye alikuwa mweusi kuanzia vidole gumba, mkono wa kushoto na wa kulia, ile rangi ya majani isiyotoka hata usugue na limau. Sasa niwaambie linaloniuma: mimi nimezaliwa kambini kwa wachumaji, ndani ya chai. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma, na mama yangu alinipikia, akanisuka na kunichapa kwa mikono ya rangi hiyo hiyo. Lakini macho yangu yalikuwa yanatafuta mwizi, na anayetafuta mwizi hamkosi.

Karani akasema basi tumalize maneno, mama aweke kidole kwenye mashine. Akaweka, mashine ikakataa. Akajaribu kingine, ikakataa (vidole vya mchumaji vimelika, hiyo mashine itasoma nini?). Sheria inaruhusu mtu atafutwe kwa namba ya kitambulisho, na kama si mdomo wangu angetafutwa na mambo yangeisha. Lakini ajenti mmoja wa chama alisimama.

"Hapana! Mashine imekataa, na waangalizi wenyewe wamemshika na wino. Ama mnasema waangalizi ni waongo?"

Wote wakaangalia kizibao changu. Bwana Erik naye akaniangalia, akisubiri tafsiri.

"Angalieni jina kwanza," mtu akasema mlangoni, na karani, sijui kwa nini alitii, akasoma kwa sauti: "Nyanchama."

"Ahaa! Si wa hapa," kijana mmoja akasema nje. "Arudi kwao akapige huko."

Hilo jina la Kikisii mimi nalijua tangu utoto. Nyanchama alikuwa jirani yetu kambini, ukuta mmoja. Mwaka ule wa vita vya uchaguzi, nikiwa mdogo, tulilala kati ya mistari ya chai, mama yangu na mdogo wangu upande mmoja, mimi na Nyanchama upande mwingine, watu wakipita barabarani wakiuliza nani ni wa wapi, na yeye alinifunika mdomo kwa kiganja chake nisilie. Nilinusa chai mpaka kukakucha. Alikuwa amezeeka, ndiyo, lakini ningemwangalia usoni badala ya kucha ningemjua.

Akanigeukia, midomo ikafunguka kidogo kama anayetaka kuniita.

Yule kijana akaona. "Mbona unamwangalia hivyo? Huyu wa kizibao ni wenu?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, ndiyo. Sikulisema. Niliogopa ile foleni, niliogopa jina langu lililokuwa kwenye beji, nikaigeuza beji ikaangalia kifua.

Nyanchama aliuona mkono wangu ukigeuza. "Simjui," akasema. "Sijawahi kumwona."

Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

"Amesema nini?" Bwana Erik akaniuliza kwa Kiingereza.

"Anasema hanijui."

Msimamizi wa kituo akaanza kusema mama akae kando apige simu ofisini, lakini Nyanchama alikuwa ameshachukua kitambulisho chake. "Wacha tu, mwanangu, nisisumbue watu." Akatoka na kupita katikati ya wale waliokuwa mlangoni, wakampisha, na hakuna aliyemgusa. Bwana Erik akauliza mbona ameondoka. Nikamwambia amechoka.

Jioni kwenye gari Bwana Erik alinikanya kwa upole kwamba mwangalizi haongei, nikaomba msamaha kana kwamba kosa lilikuwa hilo tu. Redioni walisema kwetu uchaguzi ulikuwa shwari.

Halafu mama yangu akapiga simu. "Nyanchama mlionana? Hajapiga kura tangu mwaka ule, anaogopa. Mimi ndiye nilimwambia aende, mtoto wetu yuko huko ndani na wazungu, hakuna atakayemgusa."

Beji bado ilikuwa imegeukia kifuani, nikaivua.

"Mwenyewe anasema hamkuonana," mama akaendelea. "Eti watu walikuwa wengi."

"Ee, mama," nikasema. "Watu walikuwa wengi."

Krismasi Nyanchama alialikwa nyumbani kwetu, nikajifanya nina kazi mjini. Waangalizi wameshaniuliza kama nitarudi safari ijayo, nimekataa, na sitaki kizibao cha mtu tena maishani. Siku nitakayopata moyo nitaenda kuushika ule mkono wake na kumwambia namjua. Mpaka siku hiyo simnyooshei mtu kidole. Hata mgeni akiniuliza njia, namwonyesha kwa kidevu.