Nguvu Ninazo, Dokta

Pale Mtoni, mwanamume akishaoa hakai na jina lake muda mrefu. Mkewe akijifungua tu, jina alilopewa na baba yake linatiwa kabatini, anakuwa Baba Fulani mpaka siku ya kuoshwa. Mwishehe alioa akiwa kijana mwenye afro. Afro ikaondoka na fasheni yake, upara ukaingia, na bado mtaa mzima ulikuwa ukimwita Risasi.

Si kwamba aliwahi kumpiga mtu risasi. Alikuwa akiyeyusha risasi, yale madini laini yanayotoka kwenye betri mbovu za magari. Zamani alikuwa mtu wa heshima, mfumaji katika kiwanda cha nguo cha serikali, mwenye sare na chai ya saa nne. Ikaja ruksa, kila mtu alete na auze atakacho. Mitumba ikamwagika nchini, kiwanda kikafa, Mwishehe akapunguzwa kazi kwa hotuba ndefu na doti moja ya khanga. Lakini ruksa hiyohiyo ndiyo iliyomlisha baadaye: kila gari lililochoka Uarabuni na Japani lilikuja kufia Dar es Salaam, na kila gari lilikuja na betri ya kufa nayo.

Kazi yenyewe unapasua betri kwa shoka, unamwaga yale maji makali mtaroni, unatoa vibao vya ndani, unavitia kwenye karai kuukuu juu ya moto wa magogo na vipande vya tairi. Moshi unapanda mzito, mtamu kidogo ulimini. Risasi ikiiva inang'aa kama sura ya bibi harusi. Unaichota kwa upawa, unaimimina kwenye vishimo vya udongo, zinatoka chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu. Wavuvi walizigombania. Kuku wa jirani waliokunywa maji ya mtaroni walikufa, ila kuku hawana mjumbe wa nyumba kumi wa kumshitakia. Mwishehe mwenyewe alijikinga kitaalamu: kila jioni alikunywa kopo zima la maziwa, maana nani asiyejua kwamba maziwa husafisha kifua? Moshi tu ndio haukuwa na habari hiyo.

Mkewe aliitwa Mwanakombo, mwanamke mpole mwenye kicheko cha ghafla. Watoto hawakuja. Bi Chausiku, mama yake Mwishehe aliyeishi nao, alimkokota mkwewe kwa waganga wote waliofikika kwa miguu na wachache waliohitaji nauli. Mwanakombo alifukizwa, akachanjwa, akanywa mizizi michungu mpaka ulimi ukasahau sukari. Mwishehe hakuchunguzwa na mtu. Achunguzwe nini? Nguvu alikuwa nazo. Kitanda kilikuwa shahidi, na Bi Chausiku, aliyelala upande wa pili wa ukuta, alikuwa shahidi wa pili.

Siku moja tumbo likamsokota Mwishehe mpaka akajikunja kama jongoo. Choo kilikuwa kimegoma, na mkono wa kulia uliinua upawa kwa taabu. Akaenda hospitali moja huko mjini, akaangukia kwa Dokta Gozbert, mtu wa Bukoba, anayeongea taratibu kama anayesoma taarifa ya habari. Dokta alimfunua midomo, akatazama fizi zenye mstari wa bluu iliyokoza.

"Unafanya kazi gani?"

Mwishehe akamweleza.

"Una watoto?"

"Mungu hajajaalia. Mke wangu ana matatizo."

"Nani kakwambia ni mke?"

"Samahani, dokta, mie nguvu ninazo. Hata leo, na tumbo hili."

"Sikuulizi nguvu. Nauliza mbegu."

Mwishehe akacheka kwa adabu. Kwao Mtoni hivyo vilikuwa kitu kimoja. Mwanamume asiyeweza alikuwa na jina lake, jina baya la kutukania. Mwanamke asiyezaa alikuwa na majina mpaka ya akiba. Mwanamume anayeweza halafu hazalishi hakuwa na jina lolote, na ugonjwa usio na jina mtu anauuguaje?

Akapewa kichupa, akaonyeshwa choo. Akarudi upesi, amekijaza mpaka shingoni. Sista Loveness wa maabara akakiinua kwenye mwanga, akamrudishia.

"Siyo hayo, baba. Yale mengine."

Baada ya kupima, Dokta Gozbert alimkalisha akafunga mlango.

"Mbegu zako ni chache mno, na hizo chache zimelala. Ni ile risasi. Unaivuta kwenye moshi, unaila na vidole, inaingia damuni. Inaweza kukuharibia mbegu huku nguvu imebaki palepale. Kwa hiyo usimlaumu mama wa watu, hata kupimwa hajapimwa. Acha kazi hiyo miezi kadhaa, kisha rudi. Pengine zitaamka."

"Nikiacha nitakula nini, dokta? Mbegu?"

Dokta akamwandikia tarehe ya kurudi.

Njia nzima Mwishehe alilishika neno moja tu: zimelala. Basi kilicholala si huamshwa? Akaanza supu ya pweza kila jioni, pilipili ya kutoa machozi. Mbegu hazikusikia kitu. Walioamshwa ni yeye na Mwanakombo, na kidogo Bi Chausiku.

"Dokta kasemaje?" Mwanakombo alimuuliza.

"Tumbo tu."

Akamkorogea uji, maskini, asiulize tena.

Bi Chausiku yeye hakuchoka. Alianza tena barazani, mchana kweupe, mbele ya Bakari, mwuza betri, aliyekuwa akishusha mzigo, kofia imekalia masikio.

"We Mwishehe, mie nitakufa sijamwona mjukuu. Unasubiri nini?"

"Mama, tusubiri tu."

"Tusubiri nini? Meli?"

Neno lilimfika Mwishehe kooni. Mama, ni mie. Maneno mafupi, hata mtoto angeyasema, kama angekuwepo mtoto. Lakini Bakari akadakia:

"Bunduki nzima, braza! Ila hilo pori halina mnyama."

Baraza likacheka. Mwishehe naye akacheka. Kwa kicheko hicho ndipo Mwanakombo alipoachika. Talaka ya mdomo ilikuja baadaye kama utaratibu tu. Siku ya kuondoka alifunga vitu vyake kwenye shuka, akaosha kopo la maziwa, akalifunika juu ya meza.

"Usiache kunywa," alimwambia mumewe.

Akaolewa Nusaiba wa Tandika, msichana mchangamfu anayeimba akifua. Haukupita muda akaanza kutapika asubuhi. Bi Chausiku alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Mwishehe hakuwa ameacha karai hata siku moja. Alimtazama mkewe, akazitazama kucha zake mwenyewe zenye weusi. Labda mbegu ziliamka. Hospitali haikuwa imehama, na nauli alikuwa nayo. Hakwenda.

Akazaliwa Badru, mtoto wa kiume mwenye masikio mapana ambayo Bi Chausiku aliyatafutia asili mpaka kwa babu yake aliyefia Mafia. Risasi akawa Baba Badru, tena kwa kishindo, kama waziri mpya.

Ndipo Mwanakombo alipokuja. Alimkuta uani penye karai. Bakari alikuwa akipanga betri kando ya ukuta, Nusaiba amekaa mlangoni na mtoto, Bi Chausiku nyuma ya dirisha lake.

"Hongera, Baba Badru." Alitoa sabuni na fulana ndogo iliyofungwa kwenye leso. "Kumbe kweli tatizo ni mie."

Hakusema kwa uchungu. Hilo ndilo lililomchoma Mwishehe.

"Kuna mtu wa Kipawa ameniposa," akaendelea kwa sauti ya chini. "Seremala, mgane. Mtu mzuri, ila anataka watoto. Sitaki kumpotezea muda mtoto wa watu. Siku ile ulipokwenda hospitali, dokta hakukwambia lolote juu yangu?"

Risasi ilikuwa imeiva, inang'aa. Bakari aliacha kupanga betri. Nusaiba alimfunika mtoto masikio kwa pembe ya khanga.

"Alisema tumbo," Mwishehe akajibu.

"Tumbo tu?"

"Tumbo tu."

Mwanakombo akatikisa kichwa polepole. "Basi nitamwambia atafute mwingine." Akaligeukia dirisha. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bi Chausiku alijibu kutoka gizani.

"Maziwa unakunywa?" akamuuliza Mwishehe.

"Nakunywa."

Akaondoka kwa njia ya mtaroni, ameinua khanga yake isiguse yale maji.

Mwishehe akachukua upawa. Chubwi ya kwanza ikatoka kombo. Upepo ukageuka.

"Baba Badru!" Nusaiba aliita mlangoni. "Baba Badru, moshi unamwingia mtoto!"

Hakugeuka. Aliinama palepale, akimimina.

"We Risasi!" Bakari akapaza sauti. "Unaitwa!"

Hapo akageuka. Mtoto alikuwa akikohoa, kikohozi kidogo kikavu. Mwishehe akaokota kipande cha bati, akakisimamisha kati ya karai na mlango. Moshi ukasita kidogo, ukakizunguka, ukaingia.