Kiswahili cha Nyumbani Hakikunipeleka Chuoni

Nakumbuka siku ile matokeo ya Kidato cha Nne yalipotoka, mwanangu, sikuweza kukaa kitako. Nyumbani kwetu Mji wa Kale shangwe zilipamba moto. B ya kujumlisha! Majirani waingia, majirani watoka, shangazi agawa halua na kahawa, kila mmoja aniita mwalimu, maana walijua nimeomba chuo kikuu nikasomee ualimu wa Kiswahili. Nami napanda ngazi, nashuka ngazi, nachungulia dirishani, nanywa maji bila kiu. Wao walisikia alama ya jumla tu. Mimi ndiye niliyeiona ya Kiswahili: D ya kujumlisha.

Usicheke. Haya, cheka kidogo, kisha nisikize.

Miaka ile ya tisini Kiswahili tulifunzwa na Mwalimu Mwende, mama wa Kikamba aliyekuja pwani na mumewe mfanyakazi wa reli. Basi mimi, mzaliwa wa Mvita, bibi yangu mtunzi wa nyimbo za harusi, nimsikilize mtu wa bara anifunze lugha niliyoinyonya? Ebo! Kipindi chake kikiingia mimi natoa daftari la hesabu. Insha niliandika mbio mbio, vitabu vya fasihi sikuvifungua. Aliponionya, niliwageukia wenzangu nikamwigiza anavyotamka, darasa zima likaangua kicheko. Yeye alingoja tukanyamaza, akaendelea na somo.

Na chuo hakiangalii jumla peke yake, mwanangu. Somo utakalokwenda kulisomea lina kiwango chake, nami nilikuwa chini mno. Mlango ulikuwa umefungwa, na nyumba nzima yanipigia vigelegele!

Siku zikapita, sili, silali. Nikisikia hodi nadhani siri imefichuka. Nikitumwa sokoni Marikiti narudi bila nilichotumwa. Mwishowe bibi akanikamata mkono ngazini.

"Una nini wewe? Waenda na kurudi kama kuku atakaye kutaga."

Nikamweleza yote, hata ile ya kumwigiza mwalimu. Nilidhani atanikumbatia. Wapi!

"Nyimbo zangu wazisikia zikiimbwa tu," akasema. "Huoni navyozivunja nikazianza upya. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Yule mama kakitafuta Kiswahili kwa jasho; wewe umekikuta kitandani, ukakilalia. Vaa buibui, twende kwake."

"Leo hii, bibi?"

"Wataka twende mwakani?"

Mwalimu alikaa mtaa wa Buxton. Njia nzima nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alitukaribisha, akamwamkia bibi kwa adabu, nami nilipoanza kuomba radhi nikashikwa na kilio. Akaniacha nilie hadi nikamaliza.

"Nimekusamehe zamani," akasema. "Lakini msamaha wangu hauongezi alama, binti yangu. Ukikitaka chuo, rudia mwaka. Darasani kwangu, benchi la mbele."

Nikarudia. Nilikaa na watoto niliokuwa nikiwatuma maji, wakinicheka waziwazi. Shangazi alininunia kwa ile halua aliyoigawa bure. Wenzangu wakapanda basi kwenda chuoni Nairobi, nami navaa sare upya. Moyo haukutulia mwaka mzima, kwani hakuna aliyenihakikishia kwamba mara ya pili nitafaulu. Nilifaulu, alhamdulillahi, nikaenda. Lakini mwaka ule niliuchoma kwa mikono yangu mwenyewe, na wivu wa kuwaona wenzangu wametangulia niliumeza kila asubuhi.

Sasa nawe jana waniambia mtihani wa Kiswahili utaufanya umefumba macho. Usingizi umenipaa, ndiyo maana nimekuita.

Mwanangu, somo gumu utaliogopa, na kwa kuliogopa utalisoma. Ulidhanialo jepesi ndilo litakalokuangusha. Mwaka wa mwisho hauna somo la kupumzikia. Uliza mapema chuo chataka nini katika kila somo, usingoje matokeo ndiyo yakwambie. Anayekufunza, awe katoka wapi, mheshimu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na ukianguka, sema siku hiyohiyo, usiwaache watu wakushangilie huku ndani waungua.

Mungu akufungue fahamu, akuondolee kiburi kabla hakijakuondoa wewe, na mlango utakaoubisha ukufungukie mara ya kwanza. Amin. Haya, inuka ukalete kitabu chako cha Kiswahili, tusome.