Nilivyomfuata Kocha Mbawala Johannesburg

Siku mkuu wa chuo aliponitangaza kuwa kocha mkuu wa timu, mtu wa kwanza kuja ofisini kwangu hakuja kunipongeza. Alikuwa Mama Yusto. Nilimpa kiti akakikataa, akabaki amesimama mlangoni.

"Mwalimu Deo," alisema, "kabla hujawapulizia filimbi watoto wa wenzangu, nenda kamuulize yule mzee, mwanangu alisema nini mwisho. Walimzika wakanipa cheti. Hakuna aliyenipa maneno yake."

Yule mzee ni Kocha Mbawala. Kwa miaka tisa aliifundisha timu ya chuo chetu cha ualimu hapa Songea, na mara tatu alitufikisha fainali ya vyuo. Tulimwogopa kuliko tulivyomwogopa mkuu wa chuo. Yusto alikuwa winga wetu wa kushoto, kijana wa miaka ishirini na moja, mwepesi kama paa. Miaka kumi na minne iliyopita, wiki moja kabla ya fainali, kocha alituzungusha uwanja saa nane mchana kwenye jua kali. Mzunguko wa nane Yusto akaanguka. Alikata roho njiani kuelekea hospitali, na daktari alipopima damu akakuta malaria kali. Chuo kiliunda tume, tume ikamwachisha kocha kazi, naye akaondoka nchini. Mimi ndiye niliyekuwa kapteni.

Nilikuwa na sababu yangu ya kutotaka kwenda. Nitaieleza ikifika mahali pake. Lakini mtu hamwambii hapana mama kama yule. Likizo ya Juni ilipoanza, golikipa wetu wa zamani anayefanya biashara Johannesburg alinipa namba ya simu ya fundi cherehani wa Kikongo. Akasema kocha amepanga chumba kwake.

Niliondoka Songea alfajiri kwa basi la Mbeya, nikafika Tunduma jua likielekea kuzama. Kesho yake nilivuka mpaka kwa miguu na kupanda basi la Lusaka. Barabara ya Zambia ni ndefu na imenyooka, na mtu mwenye jambo rohoni haipendi. Hakuna kona ya kukushughulisha. Kila nilipofumba macho nilimwona Yusto akinawa uso bombani asubuhi ile.

Kutoka Lusaka tulishuka hadi Chirundu, tukapita Zimbabwe yote, na mpakani Beitbridge tukapanga foleni saa tano nzima juani. Mama mmoja mbele yangu aliniuliza ninakwenda kwa nani. Nikasema kwa mwalimu wangu. "Wachache wanaowakumbuka walimu wao," akasema, akanipa chungwa. Nililishika mpaka likapata joto mkononi. Sikulila.

Siku ya nne asubuhi basi liliingia Park Station. Baridi ya Johannesburg mwezi wa Juni haina umande wala ukungu kama yetu ya Songea. Ni kavu, inapasua midomo, na jua linawaka huku halikupi kitu. Fundi mwenyewe, Maman Zawadi, alikuwa ananisubiri na shali kichwani. Ni mwanamke wa Bukavu, mnene, mwenye mwendo wa haraka.

"Ni weye mwalimu wa Tanzania? Karibu, kaka. Tutaenda na miguu, si mbali. Begi uishike mbele, si ku mugongo."

Tulipita kando ya Joubert Park, ambako wapiga picha walikuwa wakisubiri wateja, tukapandisha hadi Berea. Jengo lake lina ghorofa kumi na moja na lifti iliyokufa zamani. Tulipanda ngazi hadi ghorofa ya saba, tukipishana na watu waliobeba ndoo za maji. Sebule ilikuwa na cherehani mbili na rundo la sare za kwaya. Pazia la kitenge lilitenga upande wa dirisha, na nyuma yake ndiko alikoishi kocha wangu: kitanda, jiko la umeme la sahani moja, na viatu vyeusi vilivyong'arishwa.

"Iko ku kazi, Malvern," alisema Maman Zawadi. "Analinda magari mbele ya duka. Papa Kocha haongeake mingi. Vijana ba ku kanisa yetu bako na timu, banamuomba kila siku abafundishe. Anakatala. Siku moja banamuletea filimbi, anaenda kujifungia mu choo."

Yeye ndiye aliyenipa habari za miaka niliyokuwa siijui. Kocha alipofika mji ule alianza kama msaidizi katika chuo kimoja binafsi, kisha akawa kocha mkuu. Alikaa misimu miwili, akashinda kombe. Halafu mtu fulani chuoni akasoma mtandaoni habari ya kifo cha Yusto. Wiki hiyohiyo wakamwambia asirudi. Tangu hapo hajakanyaga uwanja.

Saa sita mchana tulifika Malvern, kwani Maman Zawadi alikuwa na nguo za kupeleka Jules Street. Mtaa ule umejaa maduka ya samani, matairi yaliyotumika na saluni. Karibu na robot, zile taa za barabarani, alisimama mzee mwembamba aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa, akiliongoza gari lirudi nyuma. Mkono wake wa kulia ulinyooka na vidole vikabana. Ndivyo alivyokuwa akitupanga kwenye ukuta wa faulo. Nilimjua kabla sijaona uso wake.

"Shikamoo, Kocha."

Aligeuka, akanitazama. "Marahaba. Kapteni?"

"Ndiyo, Kocha."

"Umenenepa." Hakutabasamu. "Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nimetumwa na Mama Yusto. Alipolisikia jina alishika nguzo ya robot. Nilimuuliza kama nilivyoagizwa. Gari lilipiga honi likitaka kutoka, naye akaliongoza kwanza, kwa utaratibu, kisha akarudi.

"Alisema, 'Kocha, naomba nikae kidogo.' Nikamwambia uwanja wangu haukaliwi. Akasema, 'Sawa, Kocha.' Akakimbia nusu mzunguko tena. Basi. Hayo ndiyo maneno yake."

Kisha akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe: "Eish, Kapteni. Alikuwa na homa ya siku mbili, daktari alisema. Mchezaji wangu, na mimi sijui. Kwa nini hakuniambia? Kila siku nikisimama hapa ninajiuliza. Kwa nini hakuniambia?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilimtazama machoni, nikasema, "Sijui, Kocha." Nikaondoka haraka, nikimdanganya Maman Zawadi kwamba baridi imenishinda.

Sasa nieleze. Asubuhi ile, bombani, Yusto aliniambia, "Kapteni, jana sikulala. Mwili unatetemeka. Nimwambie kocha?" Nikamjibu, "Ukimwambia unaumwa wiki ya fainali, namba yako anampa mwingine. Kunywa maji, kaza." Akanisikiliza, kwa sababu nilikuwa kapteni. Tume iliponiuliza kama marehemu alimweleza mtu yeyote hali yake, nilisema hapana. Nikatia sahihi. Miaka yote iliyofuata nimemlimia Mama Yusto shamba lake kila msimu, naye amekuwa akiwaambia majirani kwamba Mungu alimchukua mtoto mmoja akamwachia mwingine.

Jumapili baada ya ibada nilimkuta kocha nyuma ya pazia, akipiga pasi sare yake ya kazi. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia bombani hadi sahihi. Upande wa pili cherehani ya Maman Zawadi ilisimama, kisha nikasikia mlango wa mbele ukifungwa taratibu. Alikuwa ametupisha.

Kocha aliisimamisha pasi.

"Nilikuwa na mke," alisema. "Alinivumilia mwaka mmoja, akaondoka. Ningekuwa na neno hili lako, moja tu, ningemwonyesha."

"Nisamehe, Kocha."

"Subiri." Alipumua. "Kuna jambo umeliweka mezani na kuna jambo limebaki. Kwa nini ulimwambia anyamaze?"

"Niliogopa angepoteza namba."

"Ni kweli ningempa mwingine?"

Nilivitazama vile viatu vyeusi.

"Ningempa," alisema mwenyewe. "Na ningemtukana mbele yenu. Mlijua hivyo wote. Kwa hiyo usije hapa kunipunguzia mzigo. Aliyemkatalia kukaa ni mimi. Lakini fungu lako ni lako, Deo. Nililibeba pamoja na langu bila kujua, sasa lichukue. Kamwambie mama yake yote mawili."

Lilikuwa jina langu. Miaka yote alikuwa akiniita Kapteni tu.

Nilimwomba turudi wote nyumbani. Akatikisa kichwa, akachukua pasi na kuendelea na kola ya shati. Niliondoka Berea Jumatatu, naye alikuwa ameshakwenda kazini. Maman Zawadi alinisindikiza hadi Park Station. Pale kwenye basi akasema tu, "Uende uongee, kaka. Usipitie kwanza kwako."

Nilisafiri siku nne zilezile kwa njia ileile. Songea nilishuka saa nne asubuhi, na begi langu nikaenda moja kwa moja kwa Mama Yusto. Alikuwa akipukuchua mahindi. Nilimpa maneno ya mwanawe kwanza, kama alivyotaka, akayarudia kwa sauti ndogo: "Naomba nikae kidogo." Kisha nikampa yangu.

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likawa tupu. Halafu akasema, "Nipigie simu ya yule mzee." Nikapiga, nikampa. Akaenda nayo nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alinirudishia simu bila kuniangalia.

"Shamba langu," alisema, "mwaka huu nitalima mwenyewe."

Kesho yake niliandika barua ya kukiri yote, nikampelekea mkuu wa chuo. Kwenye timu wakaniondoa, na sikulalamika. Bado ninafundisha hisabati. Mama Yusto tukikutana sokoni hupita upande wa pili.

Kocha mpya alipoanza kazi alinifuata darasani na daftari mkononi. Alisikia nimesafiri mbali kuonana na kocha mkubwa wa zamani, akataka kujua nimejifunza nini.

"Mchezaji akikuambia anaumwa," nilimwambia, "mwache akae."

Aliandika. Kisha akasubiri, kalamu juu ya karatasi, akidhani nitaendelea.