Aliyesimama Kamonkoli

Magidu Waiswa alikuwa mbele ya wote, mji wa Mbale ukianza kuonekana chini ya mlima, aliposimama. Hakuna aliyemgonga. Tairi halikupasuka. Alifunga breki, akashuka, akailaza baiskeli barabarani taratibu, akanyanyua mikono juu.

Watu wa Kamonkoli waliojipanga kando ya njia waliangua kicheko. Aliyekuwa wa pili, askari magereza aitwaye Semei Wamboga, akampita ameinamia usukani. Akafuata wa tatu, wa nne. Magidu alipokumbuka kwamba yuko mashindanoni, vumbi la wenzake lilikuwa limeshaanza kutua.

Ilikuwa mwaka 1988. Wafanyabiashara wa Mbale ndio walioandaa mashindano hayo, kutoka Jinja hadi Mbale kupitia Iganga na Tirinyi, sehemu kubwa barabara ya vumbi, kwa baiskeli za kawaida za chuma zilizovuliwa madigadi na kiti cha mizigo ili ziwe nyepesi. Zawadi ya mshindi ilikuwa mabati. Semei aliyachukua, akaezekea nyumba ya mama yake kule Nakaloke.

Kilichomsimamisha Magidu kilikuwa neno moja. Mtu nyuma yake alipiga kelele: "Simama!"

Kwa Mtanzania au kwa mtu wa Mombasa, neno hilo halina uzito. Mwalimu huliambia darasa, abiria humwambia dereva. Kwetu Jinja, katika miaka ya utawala wa wanajeshi, aliyelisema alikuwa na bunduki. Wapo wasomi wenzangu wanaosema kwa sababu hiyo Kiswahili kifukuzwe Uganda pamoja na waliokitumia kututesa. Mimi nasema bunduki iliiba lugha, na mwizi hapewi mali kwa kuwa ameishika muda mrefu. Lakini maneno yangu ni rahisi. Mimi sikuwa barabarani mwaka 1979. Magidu alikuwa.

Kabla ya hapo alikuwa kijana wa kiwanda cha nguo, na jioni, zamu ikiisha, alikuwa akitoka na mdogo wake Adrisi kuendesha baiskeli kwa raha tu. Walikwenda Budondo kwa wazazi, wakarudi. Siku za sikukuu walikwenda mpaka Mbale kwa shangazi yao aliyeolewa Malukhu. Mashindano yakiwapo walishindana. Yasipokuwapo walishindana wao kwa wao, na aliyeshindwa alinunua chai. Adrisi alikuwa na kisa alichokirudia kila mahali, cha askari mmoja wa kaskazini aliyewasimamisha kizuizini.

"Wewe nakwenda wapi?"

"Mbale, afande."

"Mbele, mimi naona. Nyuma umetoka. Nauliza wapi?"

"Mbale!"

"Wewe! Mimi nakupiga! Mbele wapi?"

Walicheka kisa hicho miaka mingi, maana wakati huo bado askari angeweza kuchekesha.

Aprili 1979, majeshi ya Tanzania yalipokuwa yakikaribia Jinja, ndugu hao walitoka Iganga na chumvi nyuma ya baiskeli zao. Wanajeshi wa serikali waliokuwa wakikimbia walikuwa wameweka gogo barabarani, chini ya mteremko. "Simama!" Magidu akafunga breki, akashuka, akanyanyua mikono. Adrisi hakuwa na breki. Mipira ya breki ilikuwa haipatikani mjini kwa miezi mingi, na yeye, kama vijana wengi, alikuwa akisimamisha baiskeli kwa kukandamiza kandambili juu ya tairi la mbele. Mteremko ukamshinda. "Breki hakuna, afande!" alipiga kelele, mara mbili. Wakampiga risasi.

Walichukua baiskeli zote mbili na chumvi. Magidu alimpeleka mdogo wake Budondo kwa mkokoteni aliopewa na watu wa kijiji cha jirani.

Siku chache baadaye Watanzania wakaingia mjini. Askari mmoja kati yao alimkanyaga Magidu mguu sokoni, akamwambia, "Samahani sana, ndugu yangu." Magidu alisimama pale akimtazama mpaka yule askari akadhani ameumia. Hakuwa ameumia. Alikuwa hajui kwamba neno hilo linaweza kutoka katika mdomo wa mwenye bunduki.

Alipata baiskeli nyingine baada ya mwaka. Aliipakia muhogo, mkaa, madumu ya maji, wagonjwa, maiti. Kiwanda kilifungwa, kikafunguliwa nusu, kikafungwa tena, na baiskeli ndiyo iliyolisha nyumba. Mkewe Nulu anasema katika miaka hiyo hakumwona hata siku moja akipanda baiskeli bila mzigo. Akitaka kwenda msikitini alitembea.

Aliingia mashindano ya 1988 kwa sababu moja tu. Vizuizi vilikuwa vimepungua, watu walikuwa wakirudi mashambani, na yeye alitaka kujua kama ile raha ya zamani bado iko mwilini au ilizikwa na Adrisi. Njia nzima aliisikia inarudi kidogo kidogo. Kisha Kamonkoli ikamjibu.

Huko Jinja watu hawakumwachia. Wauza nguo sokoni walimpa jina jipya: Bwana Simama.

"Bwana Simama, habari za mabati?"

"Nyumba yako ikivuja, wewe inyanyulie mikono!"

Wengine walisema Semei alifanya makusudi, kwamba askari ni askari, na alijua mtu wa Jinja akisikia neno hilo atafanya nini. Magidu alirudisha madigadi, akafunga kiti cha mizigo, akarudi kwenye muhogo.

Miezi michache baadaye Semei Wamboga alihamishiwa Jinja. Walikutana barabara ya Budondo, Magidu akisukuma gunia kupanda kilima, Semei akishuka. Semei aligeuza baiskeli, akamfuata.

"Sheikh! Sheikh, mimi nakuongea na wewe!"

Magidu hakugeuka.

"Watu ya Mbale wananiita mwizi. Mama yangu mwenyewe anauliza mabati nilipataje. Mimi sikuambia wewe simama. Mimi niliambia ng'ombe!"

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe nyeusi! Ilikuwa inataka kuingia barabara. Wewe hukuona?"

"Ng'ombe anajua Kiswahili, afande?"

"Ng'ombe ya kule kwetu inajua. Wakaramoja waliiba, jeshi wakarudisha, wakaiba tena. Inajua kuliko wewe!"

Magidu alicheka kidogo bila kutaka, na kwa kuwa alikuwa amecheka ilibidi asimame apumzike. Kando ya gunia, bila kupamba, akamweleza Semei habari za mteremko na za kandambili. Semei alivua kofia. Kisha akasema kwamba neno hilo yeye hulisema kila asubuhi, akiwahesabu wafungwa, na hajawahi kulisikia.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Semei alifika nyumbani kwa Magidu na pendekezo ambalo Nulu aliliona la kichaa. Watoke pamoja, baiskeli tupu. Semei akae nyuma, awe anatoa amri zote anazozijua, mpaka Magidu azichoke.

"Baba Jamil," Nulu alimwambia mumewe, "huyu mtu ametoka gerezani au anafanya kazi gerezani?"

"Mama, ni hayo hayo," Semei akajibu.

Magidu alikubali. Mara ya kwanza hakufika mbali. Semei alipiga kelele, "Simama!" na miguu ikaganda, breki zikafungwa, mikono ikaanza kupanda, na Semei akamgonga kwa nyuma wote wakaanguka. Mara ya pili hivyo hivyo. Siku hiyo Magidu alirudi nyumbani akitembea, na kwa Jumapili mbili hakutoka. Semei alikuja akakaa uani, akanywa chai, akaondoka. Ya tatu Magidu mwenyewe ndiye aliyetoa baiskeli.

Wiki zikapita. Mikono iliacha kupanda, lakini miguu iliendelea kuganda. Semei aliishiwa na amri. Alisema simama, lala chini, toa kitambulisho, fungua gunia, kaa chini vua viatu. Alizisema kwa sauti ya mkuu wake wa gereza, kisha kwa sauti ya mke wa mkuu wake. Magidu alianza kumjibu: kitambulisho kimeliwa na mbuzi, viatu ni vya jirani. Lakini kila neno lile lilipotamkwa, pedali zilikwama nusu pigo, na alikuwa akijichukia.

Katika kituo kimoja cha biashara huko Budondo kuna mama aitwaye Kagoya, anayekaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo. Alikuwa hajawahi kuwaona wakipita. Jumapili hiyo aliona mtu wa kwao anakimbia kwa baiskeli, jasho linamtiririka, na nyuma yake askari mwenye suruali ya sare anapiga kelele, "Simama! Simama nasema!" Kagoya alikuwa amezika watu. Hakuuliza. Alinyanyua beseni la maji aliyooshea vyombo, akasogea barabarani, akalimwaga lote usoni mwa Semei.

Semei alipepesuka, akaingia kwenye kichaka.

"Kimbia!" Kagoya alimwambia Magidu kwa Kisoga. Kisha akamgeukia Semei kwa Kiswahili, maji ya majivu na sabuni yakimtiririka askari shingoni. "Wewe afande! Mwachie mutu yetu! Hiyo siku iliisha!"

"Mama, mimi ni rafiki yake!"

"Lafiki gani anafukuza mutu? Simama hapo!"

Na Semei Wamboga, askari magereza, alisimama kichakani, akanyanyua mikono juu.

Magidu aliyaona yote kwa kugeuza shingo. Kicheko kilimtoka tumboni, kikampanda kifuani, akashindwa kuona njia. Nyuma yake mama Kagoya alikuwa bado anaamuru, "Simama! Simama hivyo hivyo!" na Magidu akawa anakanyaga pedali huku akilia kwa kucheka, mpaka akaenda kuishia kwenye shamba la viazi la mtu. Ni pale, kati ya matuta, ndipo alipotambua kwamba neno lilikuwa limesemwa mara nyingi na yeye hakuacha kukanyaga.

Ilibidi warudi kwa Kagoya kumweleza. Hakuamini mpaka Semei aliponunua kabalagala zote zilizokuwa karaini, na hata hapo alimwambia, "Ukija tena, njoo na nguo ya kawaida."

Sisemi kwamba Magidu alipona siku hiyo. Sipendi hadithi za namna hiyo, na nchi hii imesimuliwa nyingi. Wiki iliyofuata miguu iliganda tena, mara moja. Adrisi yuko kaburini na aliyempiga risasi hajawahi kuulizwa. Hata sasa, gari likipiga mlipuko wa moshi nyuma yake, Magidu hutafuta ukuta. Lakini alianza kutoka siku za kazi pia, jioni, peke yake, bila gunia. Nulu alimwona akienda msikitini kwa baiskeli.

Mwaka 1989 mashindano yalirudi. Magidu na Semei waliandikishwa wote wawili, na watu wa sokoni walikuja kumsindikiza Bwana Simama wakiwa na filimbi. Kupita Namutumba, barabara inapoanza kushuka kuelekea mabwawa ya Mpologoma, walikuwa katika kundi la mbele. Hapo mnyororo wa Semei ukakatika.

"Simama!" alipiga kelele. "Magidu! Simama, unayo pini ya mnyororo!"

Magidu alimsikia vizuri. Pini ilikuwa mfukoni. Anasema alifikiri, kwa muda mfupi sana, na akaona kwamba anaweza kusimama na anaweza kuendelea, na kwamba hajawahi kuwa na mambo hayo mawili kwa pamoja tangu Adrisi afe. Mteremko ulikuwa mbele yake. Upepo ulikuwa unanuka mafunjo. Akaendelea.

Semei alifika Mbale juu ya lori la mchele, amekasirika hadi masikio.

"Sheikh, wewe ni mtu mbaya! Nilikuita!"

"Nilikusikia."

"Na pini ulikuwa nayo!"

"Ninayo. Hii hapa."

Semei aliipokea, akaitazama, akaanza kutukana kwa Kigisu, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha gerezani, kisha akakaa chini ukingoni mwa barabara akacheka mpaka watu wakawazunguka.

Kesho yake waandaaji walikuwa na lori la kuwarudisha waendeshaji Jinja. Magidu alisema atarudi kwa baiskeli. Semei, ambaye alikuwa na ruhusa ya siku moja tu, alimwita mwendawazimu, akafunga mnyororo wake, akamfuata. Hawakukimbizana. Walisimama kula samaki Tirinyi, wakasimama tena kwa sababu Semei alitaka kuona kama kweli korongo wanalala kwa mguu mmoja. Walifika Jinja jioni, wekundu kwa vumbi.

Nulu alikuwa mlangoni. Majirani walikuwa wamemtuma aulize.

"Baba Jamil, umekuwa wa ngapi?"

"Ule mteremko baada ya Namutumba," Magidu alisema, akiegemeza baiskeli ukutani, "unaukumbuka? Tulipita mwaka ule tunakwenda kwa shangazi. Sasa wamejaza changarawe. Ukiuacha uende wenyewe, usikanyage, baiskeli inaanza kuimba kabisa, yaani..."

"Nimekuuliza umekuwa wa ngapi."

"Wa nne," akasema. "Inaimba, nakwambia. Mpaka darajani."